Kwenye Kona ya Odero

Jumatatu, 4 Machi 1957

Leo tumepangiwa kazi za nje. Wenzangu wa mwaka wa kwanza katika shule ya udresa, uuguzi wa majeraha, wamepelekwa kliniki za mashambani, wengine Kuresoi, wengine Dundori. Mimi nimebaki hapa Nakuru mjini na nimepewa klabu ya ngumi. Kila Jumanne na Alhamisi jioni nitahudhuria mazoezi, na kila Jumamosi mapigano, mpaka mashindano ya koloni yatakapofanyika Nairobi mwezi wa saba. Mwanafunzi wa udresa kwenye klabu ya ngumi anafunga mikono, anaziba majeraha, anakanda misuli, na anamwambia kocha nani anafaa kupigana na nani hafai.

Nimewekwa chini ya Ephantus Kang'ethe, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ni rika langu, labda ananizidi miezi. Mwalimu wetu anaamini kwamba mwanafunzi hufundishwa vizuri na mwenzake aliyemtangulia kidogo, kwa kuwa mwenzake bado anakumbuka alivyokuwa hajui. Huenda ni kweli. Ephantus hakunipa mkono. Aliniuliza kama koti langu ni safi.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi ya kwanza. Mvua bado. Vumbi jeupe la ziwani linaingia ukumbini kupitia madirisha na kukaa juu ya kila kitu, hata juu ya pamba.

Kocha anaitwa Kosgei, lakini wote wanamwita Sajini. Alikuwa Burma wakati wa vita na alipigana ngumi kwa niaba ya kikosi chake. Kati ya mabondia namfahamu mmoja tu, Odero, jirani yetu kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Anasafisha injini za gari la moshi. Baba alipohamishiwa hapa kutoka Bungoma, Odero na mkewe Achola ndio waliotupokea, na yeye ndiye aliyetubebea vitanda kutoka stesheni. Ananiita mdogo wangu. Leo aliponiona na koti jeupe alicheka mpaka akakaa chini.

Njiani Ephantus alinipa masharti yake. Nisishangilie. Nisile wala kunywa na mabondia kabla kazi haijaisha. Nimwite kila mtu kwa jina lake, si la utani. Nilichokiona ukumbini kibaki ukumbini. Nikamwuliza masharti hayo yameandikwa wapi. Akasema hayakuandikwa popote.

Jumamosi, 9 Machi

Mapigano ya kwanza ya msimu. Odero alikutana na askari mmoja wa gereza. Raundi ya pili alimbana kwenye kamba, na mimi nikajikuta nimesimama juu ya benchi, napiga kelele pamoja na umati. Kengele ilipolia, Ephantus alikuwa tayari kwenye kona, na pamba mkononi. Odero alishinda kwa pointi.

Tukirudi, Ephantus aliniuliza nilikuwa nikitazama nini raundi ile. Nikasema nilitazama ngumi za Odero, kama kila mtu.

"Na jicho lake la kushoto?"

Sikuwa nimelitazama. Kumbe alikuwa amepasuka juu ya nyusi tangu mwanzo wa raundi, na damu ilikuwa inamwingia jichoni.

"Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama ngumi," akasema. "Sisi wawili tu ndio tuliotakiwa kutazama kitu kingine."

Akaniaga akaenda zake. Ni mtu mkavu sana.

Alhamisi, 14 Machi

Kufunga mikono. Nimefunga, nimefungua, nimefunga tena.

Alhamisi, 21 Machi

Bondia mmoja, Peterson, ana upele mapajani. Ephantus alimpaka dawa Jumanne. Jana niliutaja nyumbani, nikimsimulia Mama mambo ya kazi; habari za landi hazilali. Leo nilipofika ukumbini hakuna aliyetaka kuvaa glavu alizovaa Peterson, na vijana wawili walikuwa wakijikuna makusudi kila akipita.

Ephantus alinivuta kando akaniuliza. Nikakubali. Nilitarajia anikaripie mbele ya watu, nami nilikuwa tayari kumjibu. Badala yake alimwendea Peterson na kumwambia, "Habari zako zilitokea kwetu. Tumekukosea." Alisema kwetu. Peterson alichukua mfuko wake na kuondoka bila kumtazama yeyote kati yetu.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua imeanza. Ilinyesha mchana wote, na paa la ukumbi likawa linaunguruma kiasi kwamba refa alilazimika kutumia mikono tu. Peterson amerudi. Mkono wake ananinyooshea mimi niufunge, lakini haongei nami.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimefundishwa mambo ya kichwa. Ephantus anasema jeraha la ngozi linajitangaza lenyewe, lakini la ndani ya fuvu linaweza kusimama mbele yako likicheka. Unatazama mboni za macho kama zinalingana. Unamwambia mtu afuate kidole chako. Unamsimamisha miguu pamoja, macho amefumba, uone kama anayumba. Unamwuliza leo ni siku gani, amepigana na nani, raundi ya ngapi. Na hata akijibu yote sawasawa, bado unamwuliza yeye, au mtu anayelala naye nyumba moja, kama ameumwa kichwa, kama ametapika, kama mwanga unamsumbua.

Akanifanya nimpime yeye mwenyewe mpaka nikazoea. Kisha tukabadilishana. Kwa mara ya kwanza niliona anajua kutabasamu, nilipomjibu kwamba nimepigana na Mama na nimeshindwa raundi ya kwanza.

Jumapili, 14 Aprili

Nilimsindikiza Ephantus kwa barabara ya Dundori. Mama yake anafanya kazi ya shamba huko juu kwa mzungu mmoja wa maziwa. Hatukufika mbali. Kwenye kizuizi cha hali ya hatari askari waliangalia pasi yake, ile anayotakiwa kila Mkikuyu, wakaangalia tena, wakasema tarehe haikugongwa mhuri vizuri. Mimi hawakuniuliza kitu. Tulirudi kwa miguu tukiwa tumelowa.

Njiani aliniambia jambo ambalo sikulijua. Ruhusa yake ya kukaa mjini ni kwa sababu ya shule ya udresa tu. Akifukuzwa shuleni, anarudishwa rizavu ya Wakikuyu, mahali ambapo hajawahi kuishi. Alisema hivyo kama mtu anayesoma tangazo. Nilimwalika kwetu kwa chai, akakataa. Mama alikuwa amemtengea kikombe.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Ephantus hakupewa pasi. Alishinda wodini, akibadilisha bendeji ambazo si za zamu yake.

Jumamosi, 4 Mei

Odero amemwangusha mpinzani raundi ya kwanza. Sasa watu wanamtaja kwenye reli nzima. Inasemekana fomeni, msimamizi wake, amemwahidi kwamba akirudi na kikombe kutoka Nairobi, atatolewa kwenye kusafisha na kufanywa mchochezi wa moto kwenye injini. Kwetu landi hilo ni jambo kubwa. Mchochezi leo, dereva kesho. Achola ameanza kuwaambia wanawake bombani kwamba watahamia nyumba zile zenye jiko la ndani.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua. Ukumbi unavuja kona ya kusini. Tumehamisha meza.

Jumanne, 28 Mei

Ephantus alikuwa na zamu ya wodi, kwa hiyo leo nilikuwa peke yangu. Sajini alimwingiza Odero ulingoni na kijana mmoja mzito kuliko yeye, akisema bondia wa kutoka Eldoret atakayekutana naye Jumamosi ana ngumi nzito pia. Wakiwa karibu kumaliza, Odero aliteleza kidogo kwenye ubao uliolowa, na ngumi ya kulia ikampata sikioni akiwa hajajikinga. Alianguka. Hakupoteza fahamu, au kama alipoteza, ni kwa muda wa kukopesa jicho tu.

Nilipanda ulingoni nikampima kama nilivyofundishwa. Alijibu yote. Alifuata kidole changu. Hakuyumba. Akaniambia, "Mdogo wangu, umekuwa daktari kamili," na watu wakacheka. Nikamwambia Sajini yuko sawa.

Jumatano, 29 Mei

Nimemweleza Ephantus. Akauliza kama nilizungumza na mkewe. Nikasema nitazungumza. Leo nimechelewa wodini.

Alhamisi, 30 Mei

Sikumtafuta Achola. Yeye ndiye aliyenitafuta, nikichota maji kabla ya kwenda hospitali. Alingoja wanawake wengine waondoke. Akaniambia Odero ametapika tangu juzi, kila akijaribu kula. Ametundika blanketi dirishani. Taa ikiwashwa anafunika uso. Jana alimwita mkewe kwa jina la dada yake.

"Shemeji," akasema, "nimekwambia wewe kwa sababu wewe ni wa nyumbani. Nipe dawa yoyote ya kichwa. Lakini huyo mwenzako asijue, wala Sajini. Jumamosi ndiyo wanachagua timu ya Nairobi."

Nikasema nitatafuta dawa.

Jioni Odero hakuja mazoezini. Sajini alisema amempumzisha. Ephantus aliniuliza kama nimezungumza na mkewe. Nikamwambia sijamkuta.

Ijumaa, 31 Mei

Odero alinisimamisha nje ya lango la karakana. Alikuwa amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Akaniambia anajua mkewe ameongea. Hakuwa na hasira. Akanikumbusha vitanda. Akasema pambano ni moja tu, baada yake atalala wiki nzima nikitaka. Kisha akaniomba nimkumbushe yale maswali yote, ili asikosee.

Nilimkumbusha.

Jumapili, 2 Juni

Nitaandika mambo ya jana kwa utaratibu, kwa sababu leo hii tayari yanasimuliwa kwa njia ambazo sizitambui.

Ukumbi ulijaa mapema. Watu wa reli walikuja na sare zao. Timu ya Eldoret ilifika kwa lori. Daktari wetu mzungu, ambaye ni lazima awepo kwenye mapigano ya kuchagua timu, alikuwa kiti cha mbele na koti lake la mvua magotini.

Kwenye chumba cha nyuma mimi nilikuwa nafunga mkono wa kushoto wa Odero na Ephantus anafunga wa kulia. Mtu akaja kuwasha karabai. Mwanga ulipotokea, Odero alifumba macho na kugeuza uso ukutani, na mkono alioushikilia Ephantus ukakakamaa. Ilikuwa mara moja tu. Akafumbua, akafanya mzaha kuhusu karabai. Ephantus alinyanyua macho akanitazama mimi, si Odero.

Nilimaliza kufunga. Nikamwomba Ephantus tutoke nje. Tulisimama chini ya ukingo wa paa, maji yakimwagika mbele yetu, nikamwambia yote: kutapika, blanketi, jina la dada. Nikamwambia na maswali niliyomkumbusha.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu juzi asubuhi."

Nilimwona anashika kitambaa cha koti lake na kukiachia, anakishika tena.

"Nikilizuia pambano hili," akasema, "unajua watasema nini juu yangu?"

Nilijua. Ukumbi ule ulikuwa wa watu wa reli, na wengi wao wa magharibi kama mimi. Yeye alikuwa Mkikuyu mmoja mwenye pasi. Nilitaka kumwambia basi tuache. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini yeye alikuwa ameshageuka na kuingia ndani.

Alimwambia Sajini kwamba Odero hafai. Sajini akauliza nani anasema. Ephantus akasema amearifiwa dalili za mtu aliyeumia kichwa. Sajini akauliza amearifiwa na nani. Ephantus akasema hawezi kumtaja. Sajini hakupandisha sauti. Alisema kwamba yeye amekaa na mabondia tangu Ephantus ananyonya, na kwamba mtu aliyeumia anamjua. Kisha akamwita daktari.

Daktari hakudharau. Alimpima Odero kwa makini, akamwangaza macho kwa tochi yake, akamsimamisha, akamwuliza maswali kwa Kiswahili chake. Odero alijibu yote bila kusita. Mwanga ule wa tochi sijui aliuvumiliaje. Daktari akamgeukia Ephantus.

"Sioni kitu. Wewe una jambo gani zaidi ya hili? Niambie, nitasikiliza."

Ephantus alitazama sakafu. Nilingoja anitazame. Angenitazama tu, ningesema kwamba amenilazimisha, na labda mpaka leo ningekuwa nasema hivyo. Hakunitazama.

"Jumanne aliangushwa," nikasema. "Mimi nilikuwepo. Tangu siku hiyo anatapika na mwanga unamuumiza. Na maswali haya nilimfundisha mimi, jana."

Upande wa pili wa mlango watu walikuwa wakipiga mabenchi kwa miguu.

"Umejuaje?" daktari akauliza.

"Naishi mlango wa tatu kutoka kwake."

Achola sikumtaja, lakini Odero hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Daktari akamwuliza kama ni kweli. Odero akasema, "Huyu mtoto simjui."

Daktari alirudisha tochi mfukoni. Akasema Odero hapigani leo wala mwezi huu, na Jumatatu afike hospitali. Sajini alikaa juu ya sanduku la glavu. Nikaanza kumfungua Odero bendeji, mkono ule ule wa kushoto. Aliniruhusu. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, kwamba aliniruhusu, mkono wake ukiwa mzito kama wa mtu aliyelala.

Tangazo lilipotolewa umati uliinuka. Chupa moja ilirushwa ulingoni. Mtu alipaza sauti kwamba Mkikuyu ameuza pambano, na wengine wakaipokea sauti hiyo. Tulitokea mlango wa nyuma. Ephantus hakukimbia. Alitembea mwendo wake wa kila siku, nami nikatembea naye.

Jumatatu, 3 Juni

Odero hakufika hospitali. Baba hakuzungumza nami wakati wa kula. Mama alisema tu kwamba watu wa nyumba moja wana njia ya kuambiana mambo, na hiyo haikuwa njia.

Achola amepita bombani akanikuta. Nilimwuliza kama Odero amemfanya chochote. Akasema, "Hajanigusa. Hasemi tu. Ananipita kama nguzo." Akajaza ndoo yake akaenda. Hakuniita shemeji.

Jumatano, 5 Juni

Polisi wamemchukua Ephantus kutoka bwenini. Mtu amewapelekea habari kwamba kuna dresa Mkikuyu anayechafua michezo ya watu ili kuleta ghasia mjini. Wamepindua godoro lake. Wamechukua vitabu vyake vya masomo na kipande cha barua ya mama yake.

Nilikwenda kwa daktari nikamkuta anakula. Nilisimama mlangoni mpaka aliponiuliza nataka nini. Nikamweleza kwamba aliyezungumza ukumbini ni mimi, na daktari mwenyewe ni shahidi, na kwamba aliyekamatwa hakutamka jina la mtu. Akasema anakumbuka vizuri. Akaacha sahani yake, akachukua ufunguo wa gari. Hakunichukua.

Alhamisi, 6 Juni

Ephantus amerudi leo asubuhi. Koti lake limechafuka mgongoni, na shavu moja limevimba. Nilitaka kumpima. Akasema nimwache kwanza anawe. Aliomba sabuni, na maji ya pili, na ya tatu.

Kisha akakaa kwenye benchi ya wagonjwa, nikampima kama alivyonifundisha, na kila swali alilijibu kwa uvumilivu. Nikamwuliza kama ametapika. Akasema, "Sikupewa chakula, Khisa. Ningetapika nini?" Sikujua kama ni mzaha.

Ijumaa, 7 Juni

Hospitali imeamua kwamba Ephantus asikanyage tena ukumbini, kwa usalama wake. Mimi nitaendelea peke yangu. Nilipinga. Mwalimu alisema hakunipa hilo ili nilipinge.

Jumanne, 11 Juni

Nilikwenda ukumbini nikidhani hakuna atakayeninyooshea mkono. Sajini alikuwa akifagia. Hakunisalimu. Mabondia walikaa na bendeji zao magotini, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Wa kwanza kusimama alikuwa Peterson. Alikuja mezani akaweka mkono wake mbele yangu, na wengine wakafuata. Nilifunga mikono.

Ijumaa, 14 Juni

Odero ameanguka kazini. Alikuwa anapanda ngazi ya injini na kopo la mafuta mkononi, akaiachia ngazi. Hakuumia sana. Wamemleta hospitali kwa mkokoteni na daktari amemlaza. Yuko kitanda cha dirishani, wamevuta pazia. Zamu ya wodi ile ni ya Ephantus.

Jumapili, 16 Juni

Nilipita mlangoni mwa wodi. Ephantus alikuwa amemwinua Odero kichwa na kumnywesha uji kwa kijiko. Odero alikuwa amefumba macho. Sijui kama alijua ni nani anayemlisha. Nadhani alijua.

Mimi sikuingia. Nimekuwa nikimwona Ephantus kama mtu asiye na moyo, anayejificha nyuma ya koti. Nimeandika hivyo humu zaidi ya mara moja, kwa maneno mengine. Sasa naona kwamba alimtendea Odero vilevile alivyomtendea Peterson, na vilevile alivyonitendea mimi, na hakuwa akichagua.

Alhamisi, 20 Juni

Mvua imepungua. Baridi ya asubuhi imeanza.

Jumamosi, 29 Juni

Odero ametoka hospitali. Anatembea taratibu, akishika ukuta mahali ambapo hakuna haja. Kule reli wamempa kazi ya kufagia yadi mpaka apone. Habari za mchochezi hazitajwi tena. Tulikutana uchochoroni, nikamwamkia. Alipita.

Jumamosi, 6 Julai

Nairobi. Ukumbi mkubwa, taa nyingi, watu wa kila kabila. Aliyechukua nafasi ya Odero aliondolewa kwenye pambano lake la kwanza. Peterson alifika nusu fainali akashindwa kwa haki. Nilishona midomo miwili. Sikushangilia, wala haikunigharimu kitu kutoshangilia.

Kwenye treni ya kurudi Sajini alikuja akakaa mkabala nami. Tukapita Naivasha. Baadaye akaniambia kwamba huko Burma kulikuwa na kijana wa kikosi chake aliyepigana ngumi Ijumaa, akacheka Jumamosi, na Jumapili hakuamka. Alisema hakuwahi kulihusisha jambo hilo na ngumi. Walisema ni homa. Kisha akatazama nje mpaka tukafika.

Jumatano, 10 Julai

Ephantus amefaulu mtihani. Amepangiwa zahanati ya shamba huko Ndabibi, na pasi yake imeandikwa ya huko. Nakuru hataruhusiwa kurudi bila kibali kipya. Mama yake wa Dundori hajamwona tangu Krismasi.

Nilimbebea sanduku mpaka kwenye lori. Tulifika mapema tukakaa juu ya magunia ya mbegu. Nikamwuliza jambo ambalo nimekuwa nalo tangu ile Jumamosi. Nikamwuliza kama Odero angekufa.

"Sijui," akasema.

"Lakini unafikiri vipi?"

"Huenda angepigana, akashinda, akapewa injini yake. Huenda angekufa ulingoni. Mimi na wewe hatutajua, na yeye hatajua. Itabidi uishi naye mlango wa tatu bila kujua."

Nikasema hilo halinitoshi. Akasema hata yeye halimtoshi. Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba pale chini ya paa, kabla hajaingia ndani, aliomba moyoni mimi nimzuie. Alisubiri nimzuie. Nilipokawia ndipo akaingia.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimefungua mdomo. Lori lilikuja. Alinipa mkono, nami nikaushika mpaka dereva akapiga honi.

Jumatatu, 15 Julai

Zamu ya watoto, benchi la nje. Baridi kali, wengi wana kikohozi. Tulikuwa madresa wawili, mimi na mtu wa siku nyingi ambaye ana mkono mwepesi na foleni yake huenda haraka. Karibu na saa ya chai nilimwona Odero anaingia langoni na binti yao mdogo mgongoni, amemfunga kwa blanketi kama mwanamke. Achola alikuwa nyuma yake.

Foleni ya mwenzangu ilikuwa fupi. Odero aliitazama. Achola akamwonyesha kwa kidevu, kwamba waende kule. Odero akaja akakaa mwisho wa foleni yangu, akamhamishia mtoto kifuani.

Walingoja muda mrefu, jua likawafikia. Walipofika mbele yangu hakunisalimu. Alimfungua mtoto, akamkalisha mezani na kumshikilia kwa mikono yote miwili. Kisha akanieleza. Homa ilianza lini na ilipanda saa gani. Kifua kinavyolia akilala upande huu, na akilala upande ule. Alikula nini, alikataa nini, choo kilikuwaje. Aliniambia hata kwamba walimpa dawa ya mizizi juzi na haikufaa kitu. Nilikuwa sijauliza hata neno moja. Nilipoinamia kifua cha mtoto nisikilize, alinyamaza, akazuia pumzi yake mwenyewe ili nisikie vizuri.